Barua Ndani ya Kiatu cha Kushoto

Nkatha, jina la mama yangu,

Barua ya watu huanza kwa kusema natumai u mzima. Nimeandika maneno hayo nikayakata, nikaandika tena, nikayakata tena. Ukiona karatasi imechafuka hapo juu, usifikiri baba yako amesahau kuandika. Hilo ndilo swali lenyewe ninalotaka kukuuliza, na siwezi kulitupa tu pale mwanzo kama salamu.

Salamu zingine huna haja nazo. Umelala upande ule wa ukuta wa mbao na mimi niko upande huu, jikoni, hata nikikohoa unasikia. Mama yako ameniachia taa akaniambia nisimalize mafuta. Amesema, "Haya, andika, Baba Nkatha, lakini usiandike sifa zako. Mtoto anazijua."

Sitaandika sifa. Nitaandika kidogo tu, kwa sababu bila hizo hutajua ni nani anakuandikia. Mimi ni M'Ikiara aliyekimbia miguu mitupu kutoka Kiirua mpaka Meru mjini, akawaacha maaskari na viatu vyao vya misumari nyuma kabisa, akavalishwa blanketi jekundu na Mkuu wa Wilaya mwenyewe. Blanketi hilo umejifunika sasa hivi. Shule niliacha darasa la tatu, lakini mwalimu mkuu wa shule yenu alikuja hapa kwa miguu, na viatu vya kisigino, kwa hii matope yetu, akakalia kile kiti kimevunjika mgongo, akasema, "Mzee, tunataka utufundishie wasichana mbio." Hakuenda kutafuta mtu wa digrii. Alinitafuta mimi. Na tangu siku hiyo, wilaya hii nzima hakuna shule ilitushinda kwa mbio za nyika. Hakuna. Hata adui zangu watakuambia, na ninao wa kutosha.

Basi, sifa zimeisha.

Mambo ya sabuni, ya kuanika nguo na ya kutoazima watu kitana, mama yako amekuambia leo mchana mzima, nilikuwa nasikia. Huko mimi sifiki. Mimi nataka kukuambia juu ya Kiritiri, yale mashindano ya mkoa.

Najua ulikuwako. Ulifika wa pili mkoa mzima, na ndiyo sababu yule mtu wa kambi ya mbio ya Iten alikuuliza jina, na ndiyo sababu gari inakuchukua kesho. Lakini wewe ulikuwa unakimbia, mimi nilikuwa nimesimama, na aliyesimama ndiye anaona. Kile niliona sijakuambia. Nimekuambia mambo mengine. Nimekuambia ni mchanga wa njia yao. Nimekuambia waamuzi wa huko hawajui kuhesabu. Nimekuambia walituwekea mashindano ndani ya jiko. Nimesema hivyo hapa nyumbani, nimesema hotelini, nimesema nje ya kanisa watu wakitoka ibada, na mimi nikisema kitu mara nyingi hukiamini, hiyo ndiyo tabia yangu.

Wacha sasa nikuambie vile ilikuwa.

Unajua sisi ni watu wa baridi. Hapa Kiirua, upepo ukishuka kutoka Kirimaara, mlima wetu wa theluji, asubuhi, hata ng'ombe hasimami vizuri. Mwili wa mtu wa hapa unaamka kama injini ya lori la zamani, lazima usukumwe. Kwa hivyo nilikuwa nawavalisha sweta mbili kila mtu, na treksuti juu, mnazunguka shamba la ngano mpaka moshi utoke vichwani. Halafu ucuru, uji wetu mzito, kikombe kimoja. Halafu hakuna maji. Maji tumboni yanalia kama debe, niliwaambia, na mtu akisikia debe lake hasikii anayemfuata. Mlicheka. Mkafuata. Na hapa dawa hiyo ilifanya kazi, hakuna mtu atanidanganya, mlikuwa mnawapita wengine mlimani kama wamefungwa kamba.

Na kabla ya kila mbio nilikuwa na ile yangu. Mnasimama kwa laini, ninapita mbele yenu mmoja mmoja, ninawaangalia machoni. Ninauliza, "Iko namna gani?" Na kila mmoja anajibu, "Iko sawa, Kochi!" Unakumbuka Kagwiria? Siku moja alijibu, "Kochi, tumbo kidogo." Nilifanya nini? Nilimvua jezi pale pale mbele ya shule nzima, nikampa msichana wa akiba. Kagwiria alilia mpaka wakati wa chakula cha jioni. Tangu hapo hakuna aliyewahi kunijibu vingine. Nilikuwa nafurahi. Nilikuwa naambia watu hotelini, "Njooni msikie wasichana wangu wakijibu. Sauti moja! Kama jeshi!"

Nilifikiri kwa kuwa wananijibu sawa, basi wako sawa.

Tulipofika Kiritiri jua lilikuwa limeshapanda. Nyinyi mlishuka kwa lori mkiimba. Mimi niliposhuka, ardhi iliniuma kupitia soli ya kiatu, hiyo nakumbuka. Miti yao ni ya miiba na kivuli chake ni kama wavu. Nikapiga filimbi, nikasema, "Sweta mbili! Treksuti! Tuzunguke!"

Madam Gatwiri akanijia, mwalimu wenu wa michezo, na ile kofia yake. Akasema polepole ili msisikie, "Mzee, hapa si Kiirua. Wavue hizo sweta. Nimeleta mtungi wa maji, wanywe kidogo kidogo."

Nikamwambia, "Madam, wewe umesoma mbio. Mimi nimekimbia."

Nilisema kwa sauti ili msikie. Mkacheka. Na yeye akarudisha mtungi wake chini ya lori.

Kulikuwa pia na mzee mmoja wa pale, Mmbeere, amekaa chini ya mti na mbuzi wake. Aliwaangalia mkizunguka na sweta, akaniita. "Wewe mzee wa Meru! Umekuja kununua mbuzi ama kuchoma?"

Nikamwambia mimi ni kocha.

Akasema, "Kocha, hata mbuzi wangu saa hii wako kivulini, na hawana sweta." Halafu akainua fimbo, akamwelekezea Kawira, mwenzako wa timu. "Huyo msichana wako anatetemeka. Anahisi baridi kwa jua hili. Wewe unamwona?"

Nilimwona. Nkatha, nisikilize hapa. Nilimwona. Vinyweleo vya mikono yake vilikuwa vimesimama na midomo imekuwa nyeupe kama amekula unga. Nilijiambia ni woga wa mashindano. Nikamwambia yule mzee achunge mbuzi wake na mimi nichunge wangu.

Halafu mkasimama kwa laini na nikapita. Nikakuuliza wewe, ukajibu. Nikauliza wengine. Nikafika kwa Kawira. "Iko namna gani?" Akameza, hakukuwa na kitu cha kumeza. Akasema, "Iko sawa, Kochi."

Unajua vile tunahesabiwa. Wanakimbia sita, wanachukua nafasi za wanne wa kwanza, wanajumlisha, na timu yenye hesabu ndogo ndiyo imeshinda. Sasa, wewe uliingia wa pili. Nilipiga kelele mpaka nikapoteza kofia. Wale mapacha wa Ntumburi wakaingia, mmoja karibu na mwingine, vizuri sana. Nikajumlisha kichwani. Nikaona kombe la timu ni letu. Mkoa mzima ni wetu, bado mtu mmoja, na huyo ni Kawira, na Kawira hajawahi kuniangusha.

Akatokea kule kwenye lango la uwanja. Alikuwa mbele ya wengi. Nikasema, imeisha hiyo! Alikuwa anakimbia vizuri, mabega chini, vile niliwafundisha. Halafu akapunguza. Akasimama. Akaangalia uwanja kama mtu ameingia nyumba si yake. Halafu akageuka, Nkatha, akaanza kukimbia kurudi alikotoka.

Watu walicheka. Walifikiri ni mchezo.

Mimi nilipiga kelele. "Kawira! Huku! Geuka! Kaza!" Akageuka. Akaanguka kwa magoti. Wasichana wakampita, mmoja, wengine wawili, na mimi nilikuwa nahesabu. Mtoto amelala kwa mchanga na baba yako alikuwa anahesabu nafasi. Nikaita tena, "Kawira! Inuka! Kaza!"

Akainuka.

Hapo ndipo usingizi wangu uliisha. Baadaye Madam Gatwiri aliniambia mtoto hakuwa anajua yuko wapi. Kwenye gari la kwenda hospitalini walimuuliza jina lake, hakulijua. Walimuuliza mama yake ni nani, hakujua. Lakini sauti yangu aliijua. Niliita, akainuka, akakimbia tena hatua chache na macho yamegeuka, halafu akaanguka na uso na hakuinuka tena. Kitu chote kilikuwa kimezimika ndani ya yule mtoto, isipokuwa kile nilichokiweka mimi.

Ngozi yake ilikuwa moto kama sufuria, na kavu. Yule mzee wa mbuzi ndiye aliyefika kwanza, na mtungi wa Madam, akammwagia kichwani na kifuani, akapasua sweta na kisu cha kuchinjia. Kumbe sweta moja bado alikuwa nayo chini ya jezi. Hakuwa ameitoa kwa sababu sikuwa nimemwambia atoe. Yule mzee hakunitusi. Aliniambia tu, "Shika miguu." Nikashika miguu.

Timu yetu ilikuwa ya saba. Nyinyi mlilia njia yote kwa sababu ya kombe. Mimi nilikuwa mbele na dereva, nikamwambia waamuzi wa huko hawajui kuhesabu.

Kawira hakufa, unajua hivyo. Alikaa hospitalini Embu mpaka mkojo wake ukaacha rangi ya chai, ukarudi kuwa mkojo. Lakini kitu ambacho hujui ni kwamba nilienda kumwona aliporudishwa nyumbani. Ile siku nilikuambia naenda kuangalia mbegu ya viazi. Nilibeba maziwa. Mama yake, yule anauza ndizi pale sokoni, alipokea maziwa, akaniwekea kiti nje, akarudi ndani. Ningetaka anitusi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, majibu nilikuwa nayo.

Kawira akatoka, na shuka mabegani. Amekonda. Akanisalimia na heshima yote. Nikamwambia, "Wewe ulikuwa mgonjwa kabla ya mbio."

Akasema, "Ndiyo, Kochi. Nilianza kusikia baridi tukizunguka."

"Si nilikuuliza? Si nilikuuliza iko namna gani?"

"Uliniuliza."

"Sasa mbona hukusema?"

Akaniangalia, Nkatha, kama mtu anashangaa vile mzee mzima haelewi. Akasema, "Ungenivua jezi."

Halafu, kwa sababu ni mtoto mzuri, akaongeza, "Lakini si makosa yako, Kochi." Hiyo ndiyo ilinimaliza. Nilirudi kwa miguu, nikapita hotelini. Yule Mwongera mwenye bucha akanipigia kelele mbele ya watu, "Kochi! Ati ulienda kupikia Waembu watoto wetu? Uliwatia chumvi?" Watu wakacheka. Siku zingine ningemjibu mpaka afunge bucha. Siku hiyo niliendelea kutembea. Tangu hapo sijaenda hotelini, na nyinyi mlifikiri nimeacha chai kwa sababu ya tumbo.

Siku hizi jioni Madam Gatwiri anawapitisha wasichana hapa mbele ya nyumba, na vichupa vya maji mikononi kama wageni wa harusi. Mimi husimama nyuma ya ua. Siwaiti. Ninaogopa kufungua mdomo, nione nani atageuka.

Sasa nimefika kwa jambo lenyewe. Limenichukua karatasi zote hizi kwa sababu naliogopa.

Juma lile lingine ulikuwa unapeleka ng'ombe mtoni. Nilikuwa juu kwa viazi, hukuniona. Pale mahali njia inashuka sana, ulishuka kwa upande, kama mtu amebeba karai lililojaa. Mguu wa kushoto uliuweka chini kwa wasiwasi, kama unaweka yai. Nikakuita. Uligeuka, ukaniona, na hapo hapo ukanyooka. Ukakimbia. Ulinikimbilia ukipanda ule mlima wote ukicheka, ukasimama mbele yangu, na jasho lilikuwa limetoka juu ya mdomo wako, na kulikuwa na baridi.

Nikakuuliza, "Iko namna gani?"

Ukasema, "Iko sawa, Kochi."

Hukusema Baba. Hapa nyumbani wewe huniita Baba. Kochi ni ya uwanjani.

Nilirudi kwa viazi vyangu, nikalima mstari mmoja mara mbili. Usiku mama yako akaniambia, "Baba Nkatha, huyu mtoto anakanda mguu na maji ya moto wewe ukikoroma. Ananiambia nisikuambie."

Nikasema, "Basi mwambie aseme!"

Akasema, "Aseme kwa nani? Kwako?"

Niliamka, nikaenda kukaa jikoni mpaka majogoo yakawika.

Mimi najua miguu, Nkatha. Hiyo si sifa, hiyo ni kazi yangu. Uchungu wa nyama hutembea, leo uko hapa, kesho umehamia pale. Uchungu wa mfupa hukaa mahali pamoja, ukiweka kidole unaupata pale pale. Wewe jana ukifunga kamba ya kiatu uliweka kidole gumba mahali pamoja, kwa ule mfupa wa mbele, na ukafunga macho. Nilikuwa kwenye mlango na ndoo. Mfupa ukianza hivyo bado unaweza kupona, ukipumzishwa. Ukikimbiwa, siku moja unakatika. Niliwahi kuusikia ukikatika, uwanjani Meru, mtu wa mbele yangu, askari wa magereza, mwanaume mkubwa. Ulilia kama mtu amevunja kuni na goti. Siku hizi nikilala naisikia hiyo kuni. Mama yako akivunja kijiti kuwasha moto, natoka nje.

Na najua kwa nini unaficha. Nilikuwa nimesimama pale yule mtu wa kambi alipokuambia, "Uje mzima. Kambi yangu si hospitali, na wasichana wanaotaka kitanda hicho ni wengi kama mahindi." Nilipenda maneno yake. Nilisema moyoni, huyu ni mwanaume kama mimi. Sasa ninamwogopa kwa sababu hiyo hiyo. Ninamwona asubuhi, na baridi ya Iten, anapita mbele yenu mmoja mmoja. Anauliza kwa lugha yake. Na wewe unamjibu kama nilivyokufundisha. Ninaona atakupenda sana. Atasema, huyu msichana wa Meru halalamiki. Atakuita, nawe utainuka. Mimi nitakuwa hapa na viazi, sitajua, mpaka siku gari itasimama pale nje na watu wawili wamekushika mabega.

Ukikuta mahali wasichana wote wanamjibu mtu mmoja kwa sauti moja, mwogope huyo mtu. Hata kama anashinda. Angalia hasa kama anashinda. Mimi nilikuwa nashinda.

Na utafute mmoja, awe mpishi, awe msichana wa kitanda cha pili, ambaye unaweza kumwambia inauma na asikuvue kitu. Mimi ningetaka kuwa huyo mtu. Nimechelewa kidogo, lakini wewe bado hujaondoka.

Sijui kama yule mtu atakungojea na nafasi yako. Sitakudanganya ati atangoja. Pengine atampa mwingine, na wewe utakaa hapa mguu umenyooshwa juu ya gunia, ukinichukia, na baada ya miezi miwili utapona na hakutakuwa na mtu anakuuliza jina. Inaweza kuwa hivyo. Mimi nimelipima hilo jambo hapa mezani tangu jioni, na bado napendelea unichukie na miguu miwili.

Sikunyang'anyi safari. Ningeweza kuficha begi, mama yako alisema nifiche. Ningeweza kwenda kwa simu ya shule nimwambie yule mtu mwenyewe. Lakini hiyo itakuwa ni mimi tena nikipiga filimbi na wewe ukigeuka. Nimechoka kuitikiwa, Nkatha. Nataka kuambiwa.

Kwa hivyo hivi ndivyo itakuwa. Barua hii ninaiweka ndani ya kiatu chako cha kushoto, kwa sababu najua hicho ndicho utachukua muda kukivaa. Isome ukiwa umekaa. Halafu tutaenda steji pamoja, mimi nitabeba begi. Watu watakuwa wengi, nimewaita mwenyewe, unanijua, hata Mwongera wa bucha nimemwambia aje aone mtoto wa M'Ikiara akienda. Mwalimu mkuu atakuja. Watataka niseme kitu. Sitasema kitu.

Gari ikifika, kabla hujapanda, nitasimama mbele yako kama pale kwa laini, nikuangalie machoni. Nitakuuliza mara moja tu, iko namna gani. Ukiniambia inauma, nitapanda juu ya ile gari na hii miguu yangu ya zamani, nishushe begi lako mwenyewe mbele yao wote. Watacheka. Wacha wacheke, nimechekwa tayari na bado nakula. Ukiniambia iko sawa, nitakupa mkono uende, na nitaamini, kwa sababu itabidi niamini.

Ninaogopa majibu yote mawili. Nikikuuliza nitakuwa natetemeka kidogo, usifikiri ni baridi.

Niangalie vizuri kwanza. Weka mguu chini, ule wa kushoto, usikie vile uko. Gari itapiga honi, wacha ipige. Watu watasema haraka, haraka. Mimi nimekufundisha haraka tangu ulipojua kutembea, na hiki ndicho kitu cha mwisho nakufundisha.

Usinijibu haraka.

Baba yako,
M'Ikiara